Nafasi ya Miaka Saba

Barua ilimfikia Jeslin Chacko Alhamisi moja ya mwezi Machi, saa nane mchana, akiwa kwenye somo la kemia, simu ameificha chini ya meza. Alisoma mistari mitatu tu. Chuo kilifurahi kumjulisha kwamba amechaguliwa katika mpango wa miaka saba: mitatu ya shahada, minne ya udaktari, moja kwa moja kutoka sekondari, bila kurudi kugonga mlango wa shule ya udaktari mara ya pili. Walioomba walipita mia tisa. Waliochukuliwa walikuwa kumi na wawili. Alitakiwa kujibu kabla ya tarehe mosi Mei.

Simu ikamponyoka, ikaanguka sakafuni.

Tala, msichana wa Kifilipino aliyekuwa akikaa naye meza moja tangu darasa la saba, aliiokota na kumtazama. "Mbona umepauka hivyo? Umekosa?"

"Nimepata."

"Umepata! Sasa ndiyo sura ya mtu aliyepata hiyo? Ukikosa utakuwaje?"

Kitu cha kwanza kilichomjia Jeslin hakikuwa furaha. Kilikuwa ile insha, kurasa mbili alizozituma mwezi Oktoba, na sentensi moja ndani yake iliyosema: *Niliushika mkono wa babu yangu mpaka pumzi yake ya mwisho.*

Ilikuwa sentensi nzuri. Ila haikuwa kweli.

Jeslin alizaliwa na kukulia Bergenfield, New Jersey, kwenye mtaa ambao kila nyumba ya tatu ni ya Wamalayali, Wahindi wa jimbo la Kerala, na kila nyumba ya Wamalayali ina nesi angalau mmoja. Mama yake, Lissy, alitoka Kerala akiwa nesi wa miaka ishirini na minne, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwahudumia wagonjwa wa figo kwenye mashine. Baba yake, Thampi, alikuwa kondakta wa treni za chini ya ardhi huko New York, mtu wa mizaha aliyeweza kumchekesha hata abiria aliyekanyagwa. Katika jamii yao mtoto haulizwi atakuwa nani akikua, anaulizwa atakuwa daktari wa nini. Tangu akiwa na miaka minane Jeslin alijibu, "Wa moyo," na kila alipojibu hivyo akina mama wa kanisani walimkatia kipande kikubwa zaidi cha keki.

Hakuwa akijibu kwa ajili ya keki peke yake. Alipenda kujua mambo ya mwili. Aliweza kukueleza njia ya damu kutoka kidole cha mguu hadi kwenye pafu huku akipiga mswaki. Lakini kujua njia ya damu ni jambo moja, na kukaa karibu na mtu anayekufa ni jambo jingine, na hilo la pili alilijua akiwa na miaka kumi na sita.

Babu yake mzaa baba, ambaye wote nyumbani walimwita Appachan, aliishi nao pamoja na mkewe, Ammachi, katika chumba kilichopakana na jiko. Mapafu yake yalikuwa yameoza kwa miaka mingi ya kiwanda cha matofali. Kazi ya Jeslin ilikuwa kumbadilishia betri za kifaa cha kusikia kila Jumapili, na babu alipenda kumtania kwa kujifanya bado hasikii, ili mjukuu apige kelele mpaka majirani wachungulie.

Siku aliyofariki ilikuwa ya theluji. Barabara zilizibwa tangu asubuhi. Lissy alikuwa amekwama hospitali, Thampi amekwama Queens, na nesi aliyekuwa akija kumtazama mzee alipiga simu kusema gari lake halitoki. Nyumbani walikuwa watatu tu. Saa tisa alasiri Ammachi aliita kutoka chumbani.

"Jeslin! Njoo umshike babu yako mkono."

Jeslin alifika mlangoni, na pale akaisikia ile sauti. Ilitoka kooni mwa babu, kama mtu anayevuta maji ya mwisho kwa mrija, ikakatika, ikakaa kimya kwa muda mrefu kupita kiasi, kisha ikaanza tena. Nywele zilimsimama. Mgongo wake ukajibandika kwenye ukuta wa ujia.

"Jeslin!"

Sauti ilikatika tena. Safari hii hakungoja ianze. Alipita jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akasimama kwenye theluji kando ya mapipa ya taka, na soksi zake tu miguuni, ameziba masikio kwa viganja. Ammachi aliita mara ya tatu, au pengine Jeslin alidhani amesikia. Aliporudi ndani, miguu haina hisia, Ammachi alikuwa amekwishamfumba mume wake macho na anamfunga kidevu kwa kitambaa cheupe. Hakugeuka.

Hawakuzungumza habari hiyo tena. Mazishi yalipita, arobaini ikapita, mwaka wa shule ukaisha.

Wakati wa kuandika maombi ya chuo ulipofika, Jeslin aliandika insha ya kweli, kuhusu betri. Mshauri wa maombi, bwana mmoja aliyekuwa akiwafundisha watoto wengi wa mtaa ule kupitia kompyuta, aliisoma akakuna kidevu. "Nzuri. Lakini haina moyo. Daktari yuko wapi hapa? Babu alifariki, si ndiyo? Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo nyumbani."

"Basi tukuingize chumbani."

Neno lake lilikuwa dogo vile, *tukuingize*. Jeslin aliingia chumbani kwenye karatasi. Alikaa kitandani, akashika mkono, akahesabu pumzi, akamfumba babu macho. Alipomaliza alikuwa analia, na kwa siku mbili tatu aliamini kabisa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi baada ya barua, Lissy aligeuza ibada ya nyumba kuwa sherehe. Wanawake kumi na watano walijaa sebuleni, na jikoni kulikuwa na sufuria la mihogo ya kuponda na mchuzi mwekundu wa samaki. Maombi yalipokwisha, Lissy alisimama, simu mkononi.

"Nataka msikie kilichowafanya Wamarekani wamchukue mwanangu."

"Amma, usisome," Jeslin alisema.

"Ona haya yake! Unaona haya mbele ya mama zako?"

"Amma, tafadhali."

"Kaa chini, msomi." Na Lissy alianza kusoma, akitafsiri kila sentensi kwa Kimalayalam ili Ammachi naye asikie.

Ammachi alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, amevaa nguo zake nyeupe za kizee, mikono mapajani. Jeslin aliyaangalia mazulia. Alisikia sauti ya mama yake ikifika theluji, ikifika mlango wa chumba, ikifika kitandani. *Niliushika mkono wa babu yangu mpaka pumzi yake ya mwisho.* Mtu alivuta kamasi. Anti Sosamma, ambaye mwanawe alikataliwa na chuo hicho hicho mwaka uliotangulia, alijipangusa macho kwa ncha ya sari.

"Kumbe ulikuwa na bahati, Ammachi," alisema. "Kuwa na mjukuu kama huyu saa ile."

Sebule nzima ilimgeukia bibi. Jeslin aliinua macho, na Ammachi alikuwa anamtazama yeye moja kwa moja, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Lissy," Ammachi alisema, "mihogo inapoa."

Hilo ndilo alilosema, na ndilo lililomnyima Jeslin amani. Angesutwa, angejua alipo. Sasa kila asubuhi alishuka ngazi roho mkononi, akisubiri siku bibi atakapofungua mdomo. Akawa anakula chumbani. Fomu ya kukubali nafasi ilikuwa kwenye kompyuta yake, kitufe kimoja tu cha kubonyeza, na kila alipoifungua aliifunga tena bila kubonyeza. Lissy aliuliza kila siku, "Umejibu?" Naye alijibu kila siku, "Bado muda upo."

Katikati ya Aprili chuo kiliwaalika wale kumi na wawili kwenda kutembelea. Thampi aliomba likizo akampeleka, njiani akiigiza sauti ya kutangaza vituo na kuonya abiria juu ya pengo la jukwaa: "Kituo kinachofuata, Daktari Jeslin! Angalia pengo kati ya akili na baba yako!" Alibaki kwenye maegesho na kikapu cha chakula.

Mapokezini alikuwepo Daktari Marchetti, mwanamke mrefu wa mvi aliyesimamia udahili wa mpango ule. Alimshika Jeslin mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe ndiye wa babu. Insha yako niliwasomea wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Niliwaambia, huyu mtoto wa miaka kumi na sita alikaa. Baadhi yenu bado mnatafuta kisingizio cha kutoka chumbani."

"Ahsante," Jeslin alisema.

Wakapitishwa wodini. Kwenye chumba cha pembeni alikuwa amelala mzee mmoja, bomba puani, na mlango ulikuwa wazi. Jeslin aliisikia ile sauti kabla hajaona. Ilikuwa ile ile, maji ya mwisho kwenye mrija.

"Bwana huyu hana ndugu," Daktari Marchetti alisema kwa sauti ya chini, "na alipokuwa na nguvu alipenda wageni. Mmoja aingie amsalimie. Jeslin, ingia wewe, wewe huna woga."

Wenzake kumi na mmoja walimpisha. Aliinua mguu, na mguu ukarudi mahali pake.

"Samahani. Choo kiko wapi?"

Alijifungia humo kwa dakika ishirini, amekaa juu ya kifuniko, akitazama msumari mmoja kwenye mlango. Alichoogopa hakikuwa kugunduliwa uongo wake. Alikuwa ameona miaka saba mbele yake, mlango baada ya mlango, na kwenye kila mlango mtu anamwambia, ingia wewe, wewe huna woga. Na siku moja kitandani atakuwepo mtu anayemhitaji kweli, na yeye atakuwa nje kando ya mapipa.

Kwenye gari Thampi alimfungulia kikapu. "Kula. Umekuwa kama abiria aliyepitiliza kituo."

"Appa, je, nikikataa?"

Baba alicheka, kisha akaona uso wake, akaacha kucheka. Aliwasha gari, akaendesha mpaka darajani. "Mimi mama yako ananitisha kuliko treni," alisema mwishowe. "Ongea na yeye. Mimi nitasimama nyuma yako. Lakini mbali kidogo."

Hakuanza na mama. Kesho yake, Jumapili asubuhi, wazazi walipotangulia kanisani, alimkuta Ammachi jikoni akikuna nazi. Alikaa chini mbele yake.

"Ammachi, mbona hukusema siku ile?"

Mkono wa bibi haukusimama. "Niseme nini? Mbele ya Sosamma?"

"Umenikasirikia?"

"Mwaka mzima. Kila siku." Alikung'uta mbuzi ya nazi kwenye bakuli. "Nilikuita mara tatu."

Jeslin alianza kulia. "Niliogopa. Babu alinitafuta?"

"Babu yako hakujua nani yupo. Alikuwa amekwisha kwenda zamani. Ni mimi, mtoto wewe. Mimi ndiye niliyekutaka. Unafikiri mimi sikuogopa? Miaka hamsini na tatu nimelala kando yake, sijawahi kumsikia akitoa sauti kama ile. Miguu yangu nayo ilitaka kutoka. Ila nilikuwa sina pa kwenda."

Bibi alichukua nusu nyingine ya nazi akaendelea kukuna.

"Hasira imeisha?" Jeslin aliuliza.

"Imepungua. Ulipoandika uongo ikarudi. Sasa umekuja kuuliza, imepungua tena." Alimsukumia kipande cha nazi. "Tafuna. Kuhusu hiyo shule yako mimi sijui kitu. Muulize aliyekuzaa."

Aliyemzaa alipata habari jioni ile ile, akiwa amevaa sare, anatafuta funguo za gari aende zamu. Jeslin alisema yote kwa pumzi moja, kuanzia theluji hadi choo cha hospitali. Thampi alisimama nyuma yake, mbali kidogo, kama alivyoahidi.

Lissy aliweka funguo mezani. "Nani mwingine anajua?"

"Ammachi."

"Basi ni sisi wanne. Jaza fomu."

"Amma, ni uongo."

"Ni insha! Watoto wote wanapamba. Mwana wa Sosamma aliandika amechimba kisima Afrika, kumbe alikaa hotelini wiki nzima akihara! Wewe babu alikuwepo, kifo kilikuwepo, theluji ilikuwepo. Umeongeza hatua tano kutoka ujiani mpaka kitandani, basi."

"Ndizo hizo hatua nisizoweza."

"Utaziweza! Woga wa wagonjwa una dawa. Nafasi ikipotea haina dawa. Unajua mimi nimegeuza wagonjwa wangapi kitandani ili wewe usigeuze?"

"Najua, Amma."

"Hujui. Ungejua usingesimama hapo kuniambia." Alichukua funguo, akatoka, akarudi kuchukua koti, akatoka tena bila kumwangalia mtu.

Siku nane zilizofuata nyumba ilikuwa kama imefiwa upya. Lissy alipika, akafua, akauliza tu, "Umejaza?" Jeslin alipoteza usingizi na hamu ya kula. Aliogopa kukubali na aliogopa kukataa, na kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba mama yake angeweza kuwa sahihi, kwamba woga unazoeleka na uongo unasahaulika, na miaka kumi mbele angekuwa daktari kama madaktari wengine. Usiku aliota amevaa koti jeupe na soksi zilizolowa.

Tarehe ishirini na nane Aprili, baada ya masomo, aliketi kwenye ngazi za maktaba ya mji, Tala pembeni yake akila viazi, akapiga simu chuoni. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, na Tala akamshikia karatasi hiyo.

"Daktari Marchetti, sikuushika mkono wa babu. Nilitoka nje. Insha yangu si kweli."

Jeslin alisikia kiti kikisogezwa.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu siku ile nilikimbilia chooni. Na ningekubali nafasi, ningekuwa nakimbilia chooni miaka saba."

"Nitalazimika kuwaambia wenzangu kwenye kamati. Unaelewa hilo?"

"Naelewa."

"Nitakupigia."

Alipiga baada ya siku mbili, na siku hizo mbili Jeslin hakuzikumbuka vizuri baadaye, isipokuwa kwamba kila simu ilipolia, hata ya baba, aliipokea kabla ya mlio wa pili. Daktari hakuzunguka. Nafasi ya miaka saba imeondolewa. Chuo kinamwachia nafasi ya kawaida ya shahada, na akitaka udaktari ataomba baada ya miaka minne, kama watu wengine, na barua ya maelezo itabaki kwenye faili lake.

"Ungeandika ukweli, sijui kama tungekuchagua," Daktari Marchetti aliongeza. "Pengine tusingekuchagua. Siwezi kukudanganya. Lakini nimefanya kazi hii miaka thelathini, na madaktari wanaonitisha si wale wanaoogopa. Ni wale wanaoficha. Kwaheri, Jeslin."

Alipomwambia mama, Lissy hakupiga kelele. Aliingia bafuni akafungua maji, akakaa humo mpaka Thampi akagonga. Kwa mwezi mzima hakusema na binti yake isipokuwa la lazima: chumvi iko wapi, funga mlango, baba yako anakuita.

Juni, siku moja Jeslin alikuwa anakunja nguo sebuleni, Lissy akaja akakaa upande wa pili wa rundo, akaanza kukunja naye. Walikunja taulo nne.

"Ile sauti ya babu," Lissy alisema. "Unajua ni nini?"

"Hapana."

"Ni mate. Mtu akikaribia kwenda hawezi tena kumeza, mate yanakaa kooni, pumzi inapita juu yake. Yeye mwenyewe haumii. Hasikii hata. Wanaoumia ni wanaosikiliza." Alilainisha taulo kwa kiganja. "Nimewaeleza ndugu wa wagonjwa mara mia. Wageni. Wewe hakuna aliyekueleza."

"Hakuna."

"Mimi ndiye niliyepaswa." Akachukua taulo nyingine. "Wiki yangu ya kwanza wodini, nilijificha kwenye kabati la mashuka. Sista akanitoa kwa kunivuta sikio. Usimwambie baba yako, atanicheka mpaka nife."

Hakusema amemsamehe, na Jeslin hakuuliza. Walimaliza kukunja.

Alikwenda chuo mwezi Agosti kwa nafasi ya kawaida. Mwaka wa kwanza alichukua biolojia, na pia somo la lugha ya ishara, bila sababu aliyoweza kuieleza nyumbani. Wale kumi na wawili, maana nafasi yake alipewa mwingine, aliwaona wakipita uwanjani kwa kundi, na siku nyingine moyo ulimuuma sana. Kila Jumamosi alijitolea kituo cha wazee, na kila Jumamosi alisimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia. Mara mbili hakuingia kabisa, alirudi bwenini, na alimwambia msimamizi sababu yake halisi. Msimamizi alimwambia aje wiki ijayo.

Likizo ya Krismasi ya mwaka wa pili, kwenye chakula cha kanisa, Anti Sosamma alimkamata karibu na meza ya wali.

"Eti, ile ya miaka saba iliisha vipi? Sasa si daktari tena?"

Jeslin alishusha sahani. "Bado sijaamua, Anti."

"Hujaamua! Na umri huo!"

Lissy alikuwa nyuma ya sufuria na upawa. "Akiamua tutakuambia," alisema. "Lete sahani, Sosamma, unazuia foleni."